Kukutanisha ukoo Mombasa bila kugombania pesa: vile sisi twafanya

Mara ya kwanza tulipojaribu kukutana ukoo mzima, pale Mtopanga, shangazi yangu mmoja hakuja. Kutoka nyumbani kwake mpaka pale penye tenti ni dakika kumi kwa miguu. Tukadhani anaumwa, mamangu akampelekea pilau, pilau ikarudi vile vile haijaguswa. Baadaye sana ndo tukajua. Wiki moja kabla, mtu mmoja kwenye grupu la WhatsApp (simtaji, ni mkubwa wangu na nampenda) alituma listi ya mchango, jina na hesabu, jina na hesabu, na mbele ya jina la shangazi pakawa na sufuri. Mjane, auza mabuyu na achari ya maembe mlangoni kwa shule, na shule zilikua zimefungwa karibu mwezi mzima. Ile sufuri ikaonwa na watu wote wa grupu, mpaka wakaza wana walioingia juzi. Sa hapo wewe ungekuja?

Kwa hivo haya yote nitakayoandika ya bajeti na M-Pesa na kilo za mchele yatoka pale. Tumefanya mara tatu sasa, ya kwanza vibaya, ya pili afadhali, ya tatu ndo nitakupa hesabu yake. Chukua kinachokufaa.

ANZENI NA MFUKO, MENYU BAADAYE

Wengi waanza hivi: mmoja aandika "jamani tukutane basi, kila siku ni matanga tu", wote waweka makofi, alafu ami mmoja ataja ng'ombe, binamu ataja tisheti, mwingine ataka boti la kuzungusha watoto, na baada ya siku mbili mna bajeti ya laki mbili na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza nani ana nini. Sisi mwaka wa kwanza tuliandika laki mbili kamili, zikapatikana elfu themanini na kitu, na tayari tulikua tumeshatoa arubuni ya ukumbi ambayo mwenyewe alikataa kuirudisha. Tukapiga tenti uwanjani kwa babu kwa aibu.

Geuza. Kwanza pesa. Chagueni watu watatu, mmoja mtu mzima anayeheshimiwa, mmoja kijana anayejua simu, na mmoja mwanamke anayejua jiko, na hawa watatu wapige simu nyumba kwa nyumba. Simu, sio meseji, na sio kwa grupu. Swali lenyewe tuliuliza hivi: "Mwezi ukiwa mbaya kabisa, bila kukopa, waweza kutoa ngapi mpaka mwisho wa Julai?" Hilo swali lina ujanja wake, manake mtu ukimuuliza tu "utatoa ngapi" atakutajia hesabu ya kukufurahisha, na hesabu ya kukufurahisha haipikiki.

Majibu yakija yaandikwe daftarini, na hilo daftari lisitoke kwa hao watatu. Hata mkwe akiomba.

Sisi tuna nyumba 25 (nahesabu nyumba, sio vichwa, manake mwenye watoto sita ukimtoza kwa kichwa ushamfukuza). Baada ya zile simu zikajigawa zenyewe makundi manne. Nne ziko nje, Oman, Saudia na Uingereza, hizo 5,000 kila moja. Kumi ni watu wa mshahara au biashara iliyosimama, 2,500. Nane ni wa kubangaiza, bodaboda, wa kuuza viazi karai, waliomaliza chuo juzi, na pia wale wa Nairobi, 1,500. Tatu zilizobaki hazikutoa pesa, zilitoa kazi na vitu, hizo nitazirudia.

Piga hesabu: elfu ishirini, na ishirini na tano, na kumi na mbili, jumla 57,000. Hiyo ndo ikawa bajeti. Sio eti tulitafuta 57,000, ndo tuliyokua nayo, sherehe ikakatwa kama nguo kumfuata mtu. Ng'ombe wa ami akabaki zizini.

Wengine walilalamika kwa nini wa Nairobi wamewekwa kundi la chini na wana kazi nzuri kuliko sisi. Haya hesabu nauli. Treni ya SGR tangu Januari 2024 tiketi ya kawaida ni 1,500, zamani ilikua 1,000. Baba, mama na watoto watatu wa nusu nauli, kwenda na kurudi, hiyo ni 10,500 hata maji ya kunywa hawajanunua, na ile treni yawashusha Miritini, sio mjini, kuna gari jingine hapo. Mtu kama huyo ashachanga. Nauli ni mchango, iandikeni hivyo daftarini na mtu asihisi kama aombwa mara mbili.

ZILE NYUMBA TATU

Hapa ndo naomba usome polepole. Kila ukoo una watu ambao mwaka huo hawana. Ukiwaambia "njooni tu hata bila kitu" hawaji, manake mtu mwenye heshima zake hawezi kukaa kwenye jamvi kula alichochangiwa na wadogo zake. Ukimwambia "shangazi, achari yako ndo yatakiwa, tukiinunua Marikiti haitakua kama ile", huyo utamkuta pale saa moja asubuhi. Na tusidanganyane, achari ya watu sitini ni pesa. Mmoja alitupa achari na mabuyu ya watoto. Mwingine, mzee ana minazi, alileta nazi na makuti ya kuongezea kivuli. Wa tatu kijana hana kazi tangu mwaka juzi, huyo ndo alikua mkono wetu, kubeba viti, kuteka maji, kulala pale usiku kulinda tenti.

Daftarini hao waliandikwa kama wengine wote: "ametoa". Basi. Hakuna safu ya pesa na safu ya vitu.

Na yule wa upande wa pili, mwenye nazo, aliyetaka kutoa elfu hamsini peke yake? Mshukuru, lakini kuwa macho. Anayelipa nusu ya sherehe ataka kuchagua mpishi, na siku, na nani akae meza gani. Sisi yetu tulimwambia aweke 5,000 kama wenzake, alafu akitaka kuongeza alipie kitu kimoja kisicho kwenye bajeti, na kimya kimya. Alilipia tiketi ya ndege ya dadake kutoka nje. Sote tulijua, hakuna aliyesema.

NANI ASHIKE PESA

Mwaka wa kwanza tulituma kwa laini ya binamu, laini yake ya kila siku. Kijana mwaminifu, sina neno naye. Tatizo alikua na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na Fuliza wajua tabia yake, pesa yoyote ikiingia M-Pesa yakata deni kwanza haiulizi hii ni ya nani. Tukatuma elfu nne, ikaingia ikamezwa, yeye mwenyewe akashtuka. Alirudisha, lakini kidogo kidogo, na maneno yalikua yameshazunguka mpaka Malindi.

Kwa hivo: laini mpya, haina Fuliza, haina mkopo wowote, haitumiki kununua hata kredi. Kadi yakaa kwa mhazini, PIN aijua mhazini na mwenzake mmoja mtu mzima. Kila mwisho wa mwezi mhazini achukua stetimenti kwa *334# au kwa ile app na kuwatumia wale watatu. Kwa grupu atuma jumla tu, "tumefika elfu thelathini na moja, Mungu awabariki", hakuna majina. Mkiwa mwaendelea kila mwaka na pesa ni nyingi, fungueni akaunti ya chama benki yenye sahihi tatu, watataka cheti cha kikundi na kumbukumbu za mkutano. Sisi kwa elfu hamsini na saba tuliona yatosha laini.

Sasa ujanja mdogo wa ada ambao wengi hawauoni. Kutuma M-Pesa shilingi mia au chini yake ni bure. Kwa hivo yule wa 2,500 akituma mia kila wiki, wiki 25, hajalipa ada hata shilingi. Akituma 2,500 mara moja alipa 33. Na hata ukitaka kutuma 2,000, ukituma elfu moja mara mbili ni 13 na 13, yaani 26, lakini elfu mbili kwa mpigo ni 33. Najua ni shilingi saba, usinicheke, lakini zidisha mara nyumba zote uone. Faida kubwa hata sio ada, ni kwamba mia moja mtu haisikii. Mama muuza mboga hana 1,500 kwa siku moja lakini mia kila Ijumaa anayo, wiki kumi na tano ashamaliza na hajawahi kuombwa.

Walio nje waambieni wakusanye kwa mmoja wao atume mara moja. Kila mmoja akituma peke yake, ada ya kutuma na ile tofauti ya kubadilisha pesa inawala mara nne.

Tulianza Februari. Januari usimguse mtu, Januari ni ya karo na yunifomu, ukimpigia mtu simu Januari kuhusu pilau ya Agosti atakublok.

Kitu kingine mkikubali mapema kabisa: msiba ukitokea katikati je? Manake utatokea. Kwetu ulitokea mwezi wa Mei. Mara wengine wakasema si pesa ziko, zitumike. Bahati tulikua tumeshakubaliana mwanzo kwamba mfuko hauguswi, msiba una mchango wake kama kawaida, ila mwezi huo hakuna anayedaiwa ile mia ya wiki. Tusingekua tumesema mapema ningekua naandika hadithi nyingine hapa.

SIKU NA MAHALI

Disemba kila mtu aitaka na Disemba ndo ghali. Kuanzia katikati ya Disemba mpaka mwaka mpya Mombasa si yetu, ni ya wageni, nyumba za kukodi Nyali na Bamburi zapanda, tiketi za treni zagombaniwa, hata mpishi akutajia bei ya harusi. Masika usijaribu, Aprili na Mei tenti itageuka bwawa. Idd ni nzuri watu wako nyumbani, lakini kumbuka kila nyumba ina Idd yake na wakwe zake, na pia Idd yarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka kwa hivo huwezi kusema "kila mwaka likizo ya Agosti iwe Idd". Sisi twachukua Jumamosi ya Agosti, watoto wamefunga, ni wakati wa kusi kuna upepo, wazee hawachomeki. Na Jumamosi haigusi Ijumaa ya wa msikitini wala Jumapili ya wa kanisani, manake ukoo wetu ni mchanganyiko, kuna Waislamu na kuna Wagiriama wa kanisa. Nyama yote ni halali, pombe haiko kwenye bajeti, anayetaka ajue pa kwenda kwa pesa yake.

Mahali: uwanja wa nyumba ya mtu. Wallahi usikodi ukumbi. Ukumbi waanza elfu kadhaa, alafu waambiwa kuna pesa ya usafi, na ya taa, na ya kupika kwa nje. Uwanja wataka tenti mbili, viti, majamvi, na kumwambia jirani mapema. Spika kubwa za nje nazo zataka kibali cha kaunti, sisi tulitumia kispika cha mtoto wa ami na ilitosha, manake usiku mzima ni watu kupiga hadithi tu.

Ufuoni tulipanga siku ya pili, Jumapili alasiri, Pirates, na hiyo haikuingia kwenye mfuko kabisa. Kuingia ni bure. Anayetaka mtoto wake apande ngamia au akodi mpira wa kuogelea alipe mwenyewe. Mawili tu: angalia maji, wakati wa bamvua yakijaa mchanga wote waisha mtabaki mmesimama na mabakuli vichwani, na msibebe sahani na vikombe vya plastiki vya kutupa, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku fuoni na kwenye hifadhi. Bebeni sahani za nyumbani mkaoshe.

CHAKULA, HAPA NDO PESA ZAENDA

Hesabu ya vichwa kwanza. Walioahidi waongeze kumi. Huwezi kupiga tenti mtaani alafu majirani wasipate sahani, haijafanyika na haitafanyika, kwa hivo waweke kwenye hesabu tangu mwanzo badala ya kujifanya hawako alafu saa nane wali umepungua. Sisi tulikua 64 na majirani wakiwemo.

Pilau: kilo moja ya mchele twahesabia watu wanane, na nyama kilo kwa kilo. Watu 64 ni kilo nane, tukapika tisa, ile moja ni ya yule ajaye na rafiki zake watatu. Mtu atakwambia mchanganye nyama nusu kilo kwa kilo muokoe pesa. Usikubali. Punguza kitu kingine chochote, lakini pilau ya viazi vitupu itasemwa miaka kumi.

Mpishi mtafute mwenye kuchaji pamoja na sufuria na kuni, na muulize hilo wazi, "sufuria ni zako? kuni je? mwiko? wa kuosha ni nani?" Mwaka wa pili tulipata wa bei rahisi, asubuhi akaja na mwiko peke yake. Tukazunguka mtaa mzima kuazima masufuria na kuni tulinunua kwa bei ya dharura, ule urahisi ukaisha kabla ya saa nne. Ukishakubaliana naye, mpe arubuni kidogo mbele ya shahidi, zilizobaki apewe sufuria zikishafunuliwa.

Mboga na viazi na vitunguu twaenda soko la Kongowea alfajiri, baada ya swala tu, watu wawili na tuktuk. Ukienda saa nne ushapata bei nyingine. Viungo Marikiti, na hapo mpeleke mwenye kujua, manake mimi nilishauziwa iliki tupu ganda. Mahamri na mbaazi za asubuhi hatukupika, tulimpa oda mama jirani ambaye kila siku ndo kazi yake, tukamlipa bei yake bila kumbembeleza, na kwa sababu ya hilo hakuna mwanamke wa ukoo aliyeamka saa tisa usiku kukanda unga. Hiyo naomba iwe sheria. Mwaka wa kwanza wanawake walipika siku mbili, siku yenyewe wamechoka, picha zote wamekaa nyuma na leso vichwani, alafu twaita hiyo kukutana.

Haya hesabu yenyewe, bei zetu za mwaka jana, zako zitakua tofauti:

Mchele kilo 9 kwa 220: 1,980
Nyama kilo 9 kwa 650: 5,850
Mpishi na sufuria na kuni: 4,500
Viungo, mafuta, mboga, kachumbari, ndizi: 4,200
Jioni, mishkaki na viazi karai: 6,500
Mahamri 160 kwa kumi kumi, na mbaazi: 3,000
Maji, chai, juisi ya ukwaju, barafu: 4,800
Tenti mbili, viti 70, meza: 8,000
Nissani ya kuchukua na kurudisha wazee: 6,000
Nauli za wazee watatu wa mbali: 5,000
Usafi na kubeba takataka: 2,000

Jumla 51,830. Kutoka 57,000 zabaki 5,170, hiyo ndo akiba, kama shilingi kumi kwa kila mia, na akiba haina mwenyewe mpaka siku iishe.

Utaona wazee wamechukua 11,000, wengine waliguna. Mimi naona ndo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Ukoo hauji kwa sababu ya pilau, pilau hata nyumbani iko. Waja kwa sababu nduguye bibi kutoka Malindi atakua amekaa pale. Mwaka wa kwanza wazee wa Likoni waliambiwa wajitegemee, wakakwama ferry na jua lile, wakafika chakula kimepoa na wamekasirika. Safari hii dereva alizungukia barabara ya Dongo Kundu, isiyopita ferry, mafuta yaliongezeka kidogo lakini pilau waliikuta moshi watoka.

VITU VYA KUKATA, KWA MPANGILIO

Wiki mbili kabla mhazini asema "pesa mkononi ni ngapi", na kutoka hapo hakuna tena ahadi. Ahadi haiendi Kongowea. Kama zimepungua, muwe mshakubaliana kipi chakatwa kwanza. Kwetu: kwanza mishkaki ya jioni yawa viazi karai vitupu, pili juisi yawa chai, tatu tenti ya pili yawa kivuli cha mwembe. Nyama ya pilau na nissani ya wazee havikatwi.

Tisheti tulizikata mapema kabisa. Tisheti yavaliwa siku moja alafu yawa ya kuoshea gari. Akina mama walitaka leso, na leso ni hoja nyingine, leso hata bibi ataivaa mpaka ichakae. Waliotaka walichanga wenyewe kando wakaenda Biashara Street wakachagua, hazikuingia kwenye mfuko, na ule ugomvi wa jina gani la leso uchaguliwe ulichukua wiki mbili peke yake, sikuingilia na wewe usiingilie.

Malazi sitasema mengi. Wagawe wageni nyumba kwa nyumba kabla hawajapanda gari, godoro lijulikane liko wapi, na kila nyumba inayopokea watu isitozwe tena kitu juu ya mchango wake. Wageni nao wafike na sukari na mkate, na tarehe ya kurudi waseme wakiwa bado mlangoni. Anayetaka raha zake akodi nyumba ya siku mbili kwa pesa zake na asisemwe kwamba aringa.

SIKU YENYEWE NA BAADA YAKE

Mhazini asiwe mpishi, asiwe wa kupokea wageni, asiwe na mtoto mchanga mkononi. Akae na simu na daftari. Kila anayeomba pesa ("niongezee mia mbili ya mkaa") aandikwe hapo hapo. Hizi mia mbili mbili ndo zamaliza sherehe, sio nyama.

Na sasa ukweli: nyumba mbili hazikutoa. Moja ya 2,500 na moja ya 1,500, jumla elfu nne zikawa hewa. Mmoja alifukuzwa kazi Juni, mwingine sijui, na sikuuliza. Elfu nne zikatolewa kwenye akiba, ndo kazi yake. Wote wawili walikuja, wakala, mmoja ndo aliyeosha masufuria na hakuna mtu kwenye lile jamvi aliyejua, isipokuwa sisi watatu wa daftari.

Jumatatu mhazini akatuma kwa grupu mistari mitatu: zilizoingia 53,000, zilizotoka 51,830, zilizobaki 1,170. Picha za risiti chini yake. Ami akauliza kwa nini zilizoingia si hamsini na saba kama ilivyosemwa. Mhazini akamjibu, "Ami, hesabu imefunga." Ami akaweka dole gumba.

Zile 1,170 kuna waliotaka zinunuliwe kredi zigawiwe vijana, mwingine akasema soda. Zimebaki kwenye laini ile ile ndo mwanzo wa mwaka ujao, na Februari twaanza tena na mia za Ijumaa. Shangazi ameshaniambia niweke chupa tatu kubwa za achari kwenye listi, mbili za maembe na moja ya ndimu, na niseme kabisa kwamba za mwaka jana zilikua chache.